Wasioandikwa Daftarini: Nyuki na Nyigu katika Vihamba vya Uru

Tangu wakulima wenyeji wa Kilimanjaro walipounda chama chao cha kwanza cha kahawa mwaka 1925, wakaja baadaye kukigeuza kuwa muungano wa ushirika wa KNCU mwaka 1933, mlima ule umekuwa mlima wa madaftari. Jina la mkulima likaandikwa, uzito wa buni ukaandikwa, bei ikaandikwa, na makato nayo, tena kwa wino mzito, yakaandikwa. Aliyefanya kazi asiandikwe ni nyuki. Na pembeni yake yupo mwingine ambaye si kuandikwa tu, hata kushukuriwa hakupata: nyigu, ambaye aghalabu hukumbukwa siku anapouma, na siku hiyo hukumbukwa kwa mwenge wa moto.

Uru imekaa juu ya mji wa Moshi, baina ya Kibosho kwa upande wa magharibi na Old Moshi kwa upande wa mashariki. Vijiji vyake, Okaseni, Kishumundu, Mruwia, Materuni, Shimbwe na vinginevyo, vimepandana mteremkoni kama vidato vya ngazi, na kila nyumba imezungukwa na kihamba chake. Kihamba si shamba kwa maana aijuayo mtu wa tambarare, wala si bustani kwa maana aijuayo mtu wa mjini. Ni msitu uliofundishwa adabu. Juu kabisa husimama miti mikubwa, mringaringa, mfuruanje na msesewe. Chini yake migomba. Chini ya migomba mibuni. Na chini ya mibuni magimbi, maharage na majani ya ng'ombe. Maji huletwa na mifongo, mifereji iliyochimbwa tangu zama za kabla ya Wazungu kuyateka maji ya mito huko juu. Kwa binadamu hayo ni makao na chakula. Kwa mdudu mwenye mbawa ni ghorofa nne zenye maua, na hapana mwezi ambao ghorofa zote huwa tupu.

Siri ya jambo hilo imo katika mgomba. Ndizi haihitaji nyuki. Ndizi ya kuliwa hutunga bila kupata chavua, ndiyo maana haina mbegu, na lau nyuki wote wa Uru wangehama usiku mmoja, mikungu ingeendelea kuning'inia kama kawaida. Hata hivyo mgomba huendelea kufungua maua yake ya kiume chini ya mkungu, kidato baada ya kidato, na kila ua lina mbochi, yaani maji matamu, tele. Tena migomba haina msimu mmoja. Huu unazaa leo, ule mwezi ujao. Basi mti usiomhitaji nyuki ndio umlishao mwaka mzima, ili miti imhitajiyo imkute yupo na nguvu zake siku chache inapochanua. Mbuni huchanua baada ya mvua kufuata ukame. Maua meupe yenye harufu ya asumini hufunguka karibu yote kwa pamoja, na baada ya siku mbili au tatu yamenyauka. Mfanyakazi wa siku tatu hawezi kuajiriwa kwa siku tatu. Lazima awepo aliyemlisha miezi tisa mingine, na katika Uru aliyefanya hivyo ni mgomba. Hapana aliyeupanga mpango huu. Lakini pana vizazi vingi vya watu waliokataa kuuharibu, na hilo nalo ni aina ya maarifa.

Ama kwa upande wa asali, Wachaga walikuwa wafugaji wa nyuki kabla hawajawa wakulima wa kahawa. Mzinga wao ulikuwa gogo lililochongwa likawa tupu ndani, likapandishwa mtini kihambani au msituni, na mringaringa ulipendwa kwa kazi hiyo kwa kuwa mbao yake ni nyepesi kuchonga na hudumu. Yafaa kukumbushwa kwamba neno hilohilo la mzinga ndilo pwani limewapa watu jina la silaha zilizopangwa mbele ya ngome. Umbo ni moja, na wa nyuki ndio uliotangulia. Mringaringa wenyewe, ukiachwa hai, hujaa maua meupe yanayovutia nyuki mno. Kwa hiyo mti mmoja huweza kuwa mlo wa nyuki leo na nyumba yao kesho, lakini hauwezi kuwa vyote viwili kwa wakati mmoja. Kila mfuga nyuki wa zamani aliishi na hesabu hiyo: kupata nyumba ya nyuki, lazima apunguze chakula chao.

Hapa ndipo desturi ilipoingia. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902, aliuona ufugaji wa nyuki wa Wachaga kuwa jambo kubwa kiasi cha kuuandikia makala yake pekee, iliyotoka mwaka 1909 katika jarida la Kijerumani la Globus. Miaka kumi na mitano baadaye Charles Dundas, afisa wa serikali ya Kiingereza, alitoa kitabu chake juu ya Kilimanjaro na watu wake, na humo ameeleza jinsi mti ulivyokatwa kwa ajili ya mizinga. Mwenye mti hakuukata kama akatavyo kuni. Aliuendea kabla ya siku ya kukata, akaupelekea sadaka, akasema nao kama baba asemavyo na binti anayeolewa: kwamba si kwa kufukuzwa anaondoka bali kwa kuwa amekua, kwamba aendako atunzwe, kwamba asiache balaa nyuma yake. Siku ya kuangushwa mti, mwenyewe hakuwepo. Wakataji walifanya kazi yao, na mti ulipokwisha lala ndipo mwenyewe alipojitokeza, akilia kuwa amechelewa, kwamba wamemnyang'anya mwanawe. Wakataji nao wakamtuliza.

Wapo waliosoma habari hii wakaiweka katika fungu la ushirikina, wakapita. Dhuluma hiyo haifai. Maigizo yale ya baba aliyechelewa yalikuwa na kazi ya wazi kabisa: yalifanya kukata mti kuwe jambo gumu, la aibu kidogo, lenye mashahidi. Mtu awezaye kukata miti kumi kwa siku moja hawezi kulia mara kumi kwa siku moja. Pia yalitangaza kuwa mti una mwenyewe, na kwamba anayeuchukua anaingia katika ukwe, si katika biashara inayokwisha pesa ikishalipwa. Sheria nyingi za misitu zilizokuja baadaye, zikiwa na mihuri na faini, hazikufikia hapo.

Kahawa iliingia mlimani mwishoni mwa karne ya 19 kwa mkono wa mapadri Wakatoliki wa shirika la Roho Mtakatifu, ambao walikuwa wamekaa Bagamoyo tangu mwaka 1868 na wakapanda hadi Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890. Aina ya mibuni iliyoenea kwa mkono wao inaitwa Bourbon, na jina hilo ni la kisiwa: ndilo jina la zamani la Réunion katika Bahari ya Hindi. Mbuni ulikuwa umesafiri kutoka Uhabeshi hadi Yemeni, kutoka Yemeni hadi Réunion, kisha ukarejea Afrika na kupanda Kilimanjaro. Safari ndefu, lakini mwisho wake ulikuwa wa bahati, kwa sababu mlimani ulimkuta nyuki wa asali, jamaa wa wale wa Uhabeshi, amekwisha jenga.

Si kila mti usafirio hupata bahati hiyo, na kisiwa hichohicho cha Réunion ni shahidi. Vanila ilipelekwa huko kutoka Amerika, ikamea vizuri, ikatoa maua, na haikuzaa. Wadudu walioifungua kwao hawakupanda meli. Miaka ikapita hadi mwaka 1841, kijana mtumwa wa umri wa miaka kumi na miwili aitwaye Edmond, ambaye baadaye alipewa jina la Albius, alipogundua namna ya kuinua kwa kijiti ukuta mwembamba ndani ya ua na kuigusisha chavua mahali pake kwa kidole gumba. Tangu siku hiyo biashara ya vanila ya visiwa vya Bahari ya Hindi imesimama juu ya vidole vya watu. Msomaji wa Unguja na Pemba anaweza kuuliza, na mkarafuu je? Mkarafuu umekaa kando ya mjadala huu, kwa kuwa karafuu huchumwa ingali tumba, kabla ua halijafunguka. Mchumaji humtangulia nyuki mtini. Mkulima wa Uru hana njia hiyo ya mkato. Yeye hungoja tunda.

Kwa muda mrefu iliaminika kuwa mbuni wa Kilimanjaro, wa aina ya arabika, hauna haja ya nyuki, maana ua lake huweza kujichavusha lenyewe. Imani hiyo ni nusu ya kweli, na nusu za kweli ndizo ngumu kuondoa. Mwaka 2014 kundi la watafiti wakiongozwa na Alice Classen lilitoa matokeo ya jaribio lililofanywa kwenye mibuni ya mlima huohuo. Walivifunika baadhi ya vichaka kwa nyavu ili ndege na popo wasifike. Maua mengine waliyavisha kitambaa chepesi ili nyuki wasiingie. Ndege na popo walipozuiwa, idadi ya maua yaliyogeuka matunda ilipungua kwa wastani wa asilimia 9, kwa kuwa wadudu waharibifu hawakuwa na wa kuwala. Nyuki hawakubadili idadi ya matunda, lakini walibadili uzito: tunda lililotokana na ua lililotembelewa lilikuwa zito zaidi kwa takriban asilimia 7.4. Kwa lugha ya mizani ya chama, ni kilo saba na ushei katika kila mia. Na mwaka mmoja kabla ya hapo, utafiti mwingine ulikuwa umeonyesha kuwa mbochi wa mbuni una kahawa yenyewe ndani yake, ile dawa ya kuamsha, kwa kiasi kidogo kisichomchukiza nyuki, nayo humsaidia kukumbuka harufu ya ua alilotoka. Mbuni, basi, humlipa kibarua wake kwa kikombe.

Kuna miti mingine ya kihamba ambayo deni lake ni kubwa kuliko la mbuni. Mparachichi, mgeni mwingine kutoka Amerika, una tabia ya ajabu: ua moja hufunguka mara mbili, mara ya kwanza likiwa jike, likajifunga, kisha siku ya pili likafunguka tena likiwa dume. Haliwezi kujitosheleza kwa urahisi. Lazima atokee wa kubeba chavua kutoka ua lililo katika zamu ya dume kwenda lililo katika zamu ya jike, na nyuki hufanya hivyo akipita mti hata mti. Pasheni nao wanamtaka nyuki wa umbo jingine, yule mkubwa mweusi mwenye mvumo mzito, ambaye mgongo wake hugusa mahali ambapo nyuki wa asali hafiki. Nyuki huyo hutoboa mbao kavu na kuzaa ndani yake, na kwa kosa hilo huzibiwa tundu au huuawa na mwenye nyumba yuleyule anayelalamika kwamba pasheni yake imechanua bila kushika.

Sasa nyigu. Siku ya kupika mbege, pombe ya ndizi na ulezi, nyigu hufika bila kualikwa. Ndizi zilizoivia sana zimemenywa, chungu kiko motoni, utamu uko hewani, na juu ya kila pipa wapo wao na nyuki pamoja, wakigombea ukingo. Nyuki hufukuzwa kwa upole kwa sababu ana asali. Nyigu hana cha kutoa, na jina lake halimo katika methali ya shukrani. Hata pwani, methali humwambia mtu amfuate nyuki ale asali. Hapana aliyeambiwa amfuate nyigu.

Lakini kumfuata kungemfikisha mtu mahali pa kustaajabisha. Nyigu mwenye kiuno chembamba, ajengaye chini ya pazia la paa au katika matawi ya mbuni, hali asali wala halishi watoto wake ndizi. Huwawinda viwavi, akawatafuna, akawapelekea. Wale wengine, waundao vijumba vya udongo ukutani, hujaza humo buibui waliopoozwa. Na wapo wadogo kiasi kwamba mwenye kihamba huishi nao miaka sabini asiwaone. Mbuni una adui mmoja wa tangu zamani, mdudu mpana afananaye na kunguni, mwenye madoa ya rangi ya machungwa na meupe, ambaye wataalamu humwita Antestia. Hufyonza buni changa zikapukutika au zikaoza. Jike lake hutaga mayai kwa mafungu, aghalabu kumi na mawili, chini ya jani. T. W. Kirkpatrick, mtaalamu wa wadudu aliyefanya kazi katika kituo cha Amani kwenye milima ya Usambara, alichapisha mwaka 1937 utafiti mrefu juu ya maisha ya mdudu huyo katika mashamba ya Afrika Mashariki. Katika maadui wake wamo nyigu wasiozidi ukubwa wa chembe ya mchanga, ambao hutaga yai lao ndani ya yai lake. Katika fungu la kumi na mawili hutoka nyigu badala ya kunguni, bila kelele, na mkulima huona tu kwamba mwaka huu adui si wengi.

Mfano mashuhuri zaidi ulitoka ng'ambo ya mpaka. Katika miaka ya 1920 na 1930 mashamba ya kahawa ya nyanda za juu za Kenya yalivamiwa na vidugamba weupe wenye unga, wakaharibu kahawa na mazao mengine kwa kiasi cha kutia hofu serikali. Dawa hazikufua dafu. Baada ya utafutaji mrefu ikafahamika kuwa mdudu yule alikuwa mgeni kutoka Uganda, na kwamba kwao hakuwa tishio kwa kuwa alikuwa na nyigu wake. Mwaka 1938 nyigu hao wakaletwa Kenya, wakafunguliwa mashambani, na balaa likatulia. Ni miongoni mwa ushindi mkubwa wa kilimo uliopata kutokea Afrika Mashariki, na wengi wa wanaokunywa kahawa yake hawajausikia.

Nyigu ana mti ambao ni wake kabisa, nao ni mkuyu, ule usimamao kandokando ya mito na vijito vya mlima. Tunda la mkuyu kwa hakika ni mfuko wa maua yaliyogeukia ndani, na mlango wake ni mwembamba kiasi cha kumng'oa mbawa nyigu jike anapojipenyeza. Huingia na chavua, hutaga, hufia humo. Watoto wake hutoka na chavua mpya kwenda mkuyu mwingine. J. Galil na D. Eisikowitch, wataalamu kutoka Israeli, waliifuatilia kazi hii Afrika Mashariki katika miaka ya 1960, kwa sababu katika nchi yao na Misri mkuyu huohuo upo lakini nyigu wake hayupo. Huko watu walikuwa tangu zama za Mafirauni wakiyachanja matunda kwa kisu, moja moja, ili yaive bila nyigu, na mti wakauotesha kwa vipandikizi maana mbegu hazipo. Mlimani Kilimanjaro hakuna aliyewahi kuchanja kuyu. Matunda huiva yenyewe, ndege na popo hula, na mbegu huota mpaka katika kuta za mawe.

Mambo haya yote yalikuwa yakiendelea pale yalipofika mabomba ya dawa. Kwanza ulikuja mrututu dhidi ya maradhi ya majani; kisha, baada ya Vita Vikuu vya Pili, sumu za wadudu zenye kudumu. Haifai kuwahukumu wakulima wa wakati ule kwa elimu ya leo. Kahawa ilikuwa ndiyo ada ya shule, ndiyo mabati, ndiyo hospitali, na afisa kilimo alisema piga dawa. Lakini katika mashamba ya Kenya ya miaka ya 1950 na 1960 ilionekana wazi kuwa baada ya kupiga, wadudu wengine ambao zamani hawakujulikana sana, viwavi walao ndani ya jani na wale watembeao kwa kujikunja, walizuka kwa wingi. Sumu ilikuwa imewaua nyigu kwanza. Kwa Uru, ambako kihamba ni nyumbani, bomba halikuwa likipigwa shambani mbali. Lilipigwa hatua kumi kutoka mlangoni, chini ya mgomba uleule uliokuwa ukimlisha nyuki.

Pigo la pili lilitoka juu. Msitu wa Kilimanjaro uliwekwa chini ya hifadhi tangu enzi ya Wajerumani, na mwaka 1941 ukatengwa ukanda wa nusu maili katika ukingo wake wa chini ili wenyeji wapate kuni na mbao. Hifadhi ya taifa iliundwa mwaka 1973 kwa ajili ya maeneo ya juu, na mwaka 2005 mipaka yake ikashushwa ikaumeza msitu wote. Sababu zilikuwapo. Uchunguzi kutoka angani mwaka 2001 ulikuwa umeonyesha ukataji wa miti ulivyokithiri, na Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea aliyeusoma mlima kwa miaka mingi, alieleza mwaka 2005 jinsi moto, ukisaidiwa na ukame uliozidi tangu 1976, ulivyousukuma chini kwa mamia ya mita mpaka wa juu wa msitu. Miongoni mwa wanaotajwa kuwasha moto huo ni warina asali, wale wanaofuata nyuki wa porini kwa mwenge na kuondoka bila kuzima.

Ni lawama yenye ukweli, na ndiyo maana inauma. Ila pana watu wawili waliochanganywa katika lawama moja. Mwenye mzinga hana sababu ya kuchoma msitu uliobeba mali yake. Anayerina pango la bahati hana cha kupoteza. Desturi ile ya kumlilia binti aliyeolewa ilikuwa ya mtu wa kwanza. Mpaka ulipofungwa, mtu wa kwanza, mwenye mizinga yake inayojulikana, alitii akarudi nyumbani. Yule wa pili hakuwa akiomba ruhusa tangu awali.

Na nyuki wa huko juu si sawa na wa chini. F. G. Smith, aliyekuwa afisa wa nyuki wa Tanganyika, alimpa mwaka 1961 nyuki wa misitu ya juu jina la monticola, maana yake mkaa mlimani: mkubwa kidogo, mweusi zaidi, mpole zaidi, mwenye kuruka katika baridi ambayo humlaza mwenzake ndani. Wa chini, scutellata, ni mdogo, wa manjano na mkali. Ni wa ukoo uleule uliochukuliwa mwaka 1956 kutoka Afrika Kusini na Tabora kupelekwa Brazil, ukatoroka, ukaitia bara zima la Amerika hofu. Mwaka 2017 watafiti waliochunguza vinasaba vya nyuki wa milima ya Kenya walikuta kwamba tofauti baina ya wa juu na wa chini zimejikusanya katika vipande viwili tu vya urithi wao. Uru iko baina ya himaya hizo mbili, na makundi yanayotua katika mizinga yake hutoka kokote.

Mwaka 2011 Shimbwe Juu, kijiji cha Uru kilicho jirani na ukingo wa msitu, kilitambuliwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, kuwa miongoni mwa mahali pa urithi wa kilimo duniani kwa sababu ya kihamba. Mpango uliofuatana na heshima hiyo ulikuwa na mambo matatu ya kuwaongezea wakulima kipato: kahawa isiyopigwa dawa za viwandani, ufugaji wa samaki aina ya trauti kwa maji ya mifongo, na vanila. La kwanza liliwarudishia nyigu nafasi yao, japo hawakutajwa. La tatu lilileta Uru ule mmea wa Réunion usio na mdudu wake.

Ua la vanila hufunguka asubuhi na kabla ya jioni limekwisha. Anayeupanda mmea huo chini ya kivuli cha migomba hana budi kuamka mapema katika majira ya maua, kupita mti hata mti na kijiti mkononi, na kufanya kwa kila ua alichofanya Edmond mwaka 1841: kuinua, kugusisha, kuachia. Hapana ua linaloweza kungoja kesho. Juu ya kichwa chake, katika tumba jekundu la mgomba, nyuki wako kazini tangu jua lilipochomoza.